Elimu ya Kuhifadhi Ardhi na Bahari, na Hukumu ya Mji Usio na Aijuaye

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu. Sifa njema zote ni zake Yeye aliyeumba nchi kavu na bahari, akaviweka vyote kwa kipimo. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, na jamaa zake, na masahaba wake wote.

Ama baada ya hayo: liko suala moja lisikikalo katika baraza za miji ya pwani, nalo ni dogo kwa maneno lakini si dogo kwa maana. Mfano wake ni kijana aliyekwisha kuhitimu Qur'ani, akamaliza na skuli, kisha akamwambia babake kwamba ataka kwenda kusoma miaka miwili, katika chuo kilicho karibu na kwao, elimu iitwayo siku hizi elimu ya kuhifadhi mazingira. Babake ni mkata boriti, na babu yake alikuwa mkata boriti. Nyumba walalayo, na ada ya mwalimu, na kanzu ya sikukuu, vyote vimetoka mikokoni. Baba huyo husikia maneno ya mwanawe akanyamaza. Lakini barazani, baada ya sala ya Alasiri, hakuna anyamazaye.

Mmoja husema: “Lau angekwenda Arabuni kutafuta, angeleta kitu.” Wa pili husema: “Lau angesoma fiqhi, angewafaa watu kwa dini yao.” Wa tatu husema huku akicheka: “Mikoko yamea yenyewe. Ni nani aliyeifundisha kumea, hata mtu aende chuoni akajifunze khabari zake?” Na wa nne, ambaye neno lake ndilo zito kuliko yote, husema: “Huyu atakwenda kusoma, kisha atarudi na karatasi ya kumkataza babake asikate.”

Basi je, elimu hii ni upuuzi, au ni jambo la khiyari, au ni wajibu? Na ikiwa ni wajibu, ni juu ya nani? Na je, ni haki mtoto kujifunza elimu itakayoufunga mlango uliomlisha? Haya ndiyo yatakayochunguzwa katika kurasa hizi.

MAANA YA CHUO

Neno chuo si geni katika pwani. Kabla haijajengwa skuli hata moja, kila mtaa ulikuwa na chuo chake: ukumbi wa nyumba ya mwalimu, mkeka, vibao vya kuandikia, na watoto wa jirani. Mwalimu alikuwa ni mtu wa mtaa ule ule. Aliwajua watoto na wazee wao, na mtoto akikosa siku moja, mwalimu alijua mlango wa kuubisha. Mtoto wa tajiri na mtoto wa mchukuzi walikaa mkeka mmoja. Hapakuwa na mtoto aliyepanda jahazi kwenda kuitafuta alifu katika nchi ya mbali.

Huko Marekani wana vyuo viitwavyo vyuo vya jamii. Cha kwanza kilianzishwa mwaka 1901 katika mji wa Joliet, jimbo la Illinois, na leo vimefika yapata elfu moja. Nia ya vyuo hivyo ni kwamba mtu wa kazi, na mtoto wa asiyekuwa na mali, wasome karibu na kwao, kwa ada iliyo nafuu na kwa muda wa miaka miwili, elimu ambayo mji wao waihitaji. Katika Afrika ya Mashariki navyo viko vyuo vyenye nia kama hiyo. Mathalani chuo cha uvuvi cha Mbegani, karibu na Bagamoyo, ambako kijana husoma mambo ya samaki na bahari pasipo kuiacha harufu ya bahari. Atazamaye vizuri ataona kwamba huu si mtindo mpya, bali ni ule ule ukumbi wa mwalimu uliopanuliwa.

Na elimu ya kuhifadhi mazingira yastahiki chuo cha namna hii kuliko elimu nyingine nyingi, kwa sababu yenyewe ni elimu ya mahali. Hesabu ni moja Mombasa na Makka. Lakini matope ya Gazi si matope ya Rufiji, na mwamba wa Kilifi si mwamba wa Mafia. Aisomaye elimu hii mbali na kwao hurudi na nusu yake, na nusu iliyobaki humngoja ufukoni.

FARDHI YA KIFAYA

Wanavyuoni wamezigawa fardhi mafungu mawili. Ya kwanza ni fardhi ya aini, nayo ni wajibu juu ya kila mtu pekee yake, kama sala tano na kufunga Ramadhani. Ya pili ni fardhi ya kifaya, nayo ni wajibu juu ya mji mzima: wakisimama wachache wakaitimiza, dhambi yawaondokea wote, na wote wakiiacha, dhambi yamshika kila aliyekuwa aweza asifanye. Maiti akifa mjini, hawalazimiki watu wote kumwosha. Lakini akiachwa asioshwe wala asizikwe, mji wote una jawabu ya kutoa.

Wako wadhanio kwamba fardhi ya kifaya ni mambo ya maiti na jeneza tu, na dhana hiyo si sahihi. Imamu Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra, yaani 1111, ameeleza katika kitabu chake Ihyaa kwamba utabibu ni fardhi ya kifaya, na hesabu kadhalika, na kwamba hata misingi ya kazi za mikono, kama kulima na kufuma na kushona, imo katika fungu hilo, kwa kuwa mji usio nayo waangamia. Kisha akawalaumu watu wa zama zake: kwamba miji mingi haina tabibu Mwislamu, na wanafunzi wote wamesongamana katika fiqhi na mabishano yake, kwa kuwa huko ndiko kwenye ukadhi na vyeo. Na huyo aliyenena hivyo alikuwa yeye mwenyewe ni bingwa wa fiqhi.

Basi ipimwe elimu hii kwa kipimo hicho hicho. Mji ulio kando ya bahari, chakula chake chatoka baharini, maji yake yatoka visimani, na miti ya kuezekea nyumba zake yatoka mikokoni. Ukiwa mji huo hauna hata mtu mmoja ajuaye kwa nini samaki wamepungua, au kwa nini kisima kilichokuwa kitamu kimeingia chumvi, au kwa nini ufuko waliwa mwaka hata mwaka, je, mji huo ni bora kuliko mji usio na tabibu? Mgonjwa asiye na tabibu hufa yeye mmoja. Ardhi isiyo na ajuaye ugonjwa wake hufa na watu wake.

MFANO WA MARIKEBU

Mtume (s.a.w.) amewapigia watu mfano ambao mtu wa pwani aufahamu kuliko mtu wa bara. Ni mfano wa watu waliopiga kura katika marikebu, wengine wakapata sehemu ya juu, wengine ya chini. Wale wa chini walipotaka maji hupita kwa wale wa juu, nao wakaona kwamba wanawaudhi. Wakasema wao kwa wao kwamba lililo bora ni watoboe tundu katika sehemu yao, wateke maji hapo hapo, wasimwudhi mtu. Mtume akabainisha kwamba wale wa juu wakiwaacha, wataangamia wote, na wakiwashika mikono, wataokoka wote.

Mfano huu wasomwa sana juu ya mimbari, na mara nyingi husomwa kwa kuwalaumu wale wa chini. Lakini msomaji na atazame tena. Wale watu hawakuwa waovu. Walikuwa na kiu, na kiu ni haja ya kweli. Tena walikuwa na adabu, kwani walichelea kuwaudhi wenzao. Walilokosa ni jambo moja tu: hawakujua kazi ya ubao ule uliokuwa chini ya miguu yao. Nia yao ilikuwa njema, na nia yao njema ingaliwazamisha wote.

Kwa hiyo mambo mawili yatakikana katika marikebu. La kwanza, awepo ajuaye ubao ni nini. La pili, mwenye kiu apate maji. Amshikaye mwenziwe mkono asitoboe, kisha asimteremshie maji, huyo hakumwokoa. Amemhamisha tu kutoka mauti ya kuzama hata mauti ya kiu. Mambo haya mawili na yashikwe, kwa kuwa shaka zote zilizobaki zatatuliwa kwa hayo.

NIA NJEMA HAITOSHI

Yule mzee asemaye kwamba mikoko yamea yenyewe, amesema kweli. Mbegu ya mkoko huota ingali juu ya mama yake, ikaning'inia kama kisu kirefu, kisha ikaanguka na kusimama katika matope. Huo ni ufundi wa Mola. Lakini mti umeao wenyewe hukatwa na mtu, na hapo ndipo kazi ya elimu ianzapo.

Kila mti una daraja yake katika maji. Mlilana husimama mbele, uso kwa uso na bahari. Nyuma yake husimama mkoko, na mkandaa hukaa juu zaidi, mahali ambapo maji huufikia kwa bamvua. Mchu nao una mahali pake. Mtu akiingia kwa nia safi akachukua miche elfu, akaipanda mahali ambapo maji hukaa mno, itakufa yote hata kama kila mche umepandwa kwa Bismillahi. Kupanda kwa namna hii kumekwisha tokea katika nchi nyingi za dunia, watu wakapanda kwa furaha na picha zikapigwa, na baada ya mwaka pakabaki matope. Mwislamu hapaswi kulistaajabia jambo hili. Sala ya Magharibi isaliwayo jua halijatua si sala ya Magharibi, hata mwenye kusali akilia machozi. Ikiwa ibada yenyewe ina wakati wake na masharti yake, na hapana budi masharti yasomwe, vipi mti uliopewa na Mola wake kipimo cha maji upandwe kwa kubahatisha?

Na katika kukata vilevile. Wakata miti wa pwani wana majina ya kila unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, banaa, na mali huhesabiwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Wanunuzi hupenda boriti iliyonyoka kuliko vyote. Basi mkataji huingia akachagua ulionyoka, akauacha uliopinda. Na mwenziwe hufanya vivyo hivyo kesho, na mtondo. Baada ya miaka mingi msitu waonekana kwa mbali ungali msitu, kijani chake ni kile kile. Lakini aingiaye ndani hukuta iliyobaki mingi ni ile iliyokataliwa, na hiyo ndiyo iliyo mama wa mbegu za kesho. Hapana mmoja katika wakataji hao aliyeuharibu msitu. Kila mmoja alikata miti yake michache ya halali. Huu ndio uharibifu uliofichikana, ambao jicho halioni ila lifundishwe kuhesabu.

Habari ya Gazi, katika Kwale, yatosha kuwa ushahidi. Katika miaka ya 1970 mikoko mingi ya huko ilikatwa kwa kuni za viwanda, na mahali pengine pakabaki uwanda mtupu ambao haukurudi kumea wenyewe. Mwaka 1991 wataalamu wa bahari walianza kupanda tena pamoja na wanakijiji, kila mti kwa daraja yake. Mwaka 2013 watu wa Gazi na Makongeni walianzisha kazi iitwayo Mikoko Pamoja. Wao huchunga hektari 117 za mikoko. Msitu huo huvuta hewa ya ukaa na kuizika katika matope. Na watu wa nchi za mbali hulipa kwa ajili ya tani zipatazo 3,000 kila mwaka. Fedha hizo zimeingia katika maji ya kunywa na katika skuli. Mwaka 2019 watu wa Vanga na Jimbo na Kiwegu wakaufuata mfano huo. Kazi hiyo yataka wajuao kupima unene wa mti, na kuhesabu, na kuandika, na kusimamia fedha bila khiyana. Elimu hiyo hufundishwa, wala haizaliwi na mtu.

SHAKA YA KWANZA: RIZIKI NI YA MWENYEZI MUNGU

Wako wasemao kwamba riziki ya bahari haina mwisho kwa kuwa mwenye kuitoa hana mwisho, na kwamba kuhesabu samaki ni udhaifu wa tawakali.

Jawabu ni kwamba nahodha mwenye tawakali kuliko wote hatweki tanga kabla ya kukalafati nyufa za chombo chake, wala hapana amwambiaye kwamba imani yake imepungua. Mwenyezi Mungu ameahidi riziki. Hakuahidi kwamba auaye mbegu atavuna. Mvuvi akokotaye juya lenye macho madogo juu ya majani ya bahari huwatoa samaki wadogo kabla hawajazaa. Mwenye kutupa baruti huua samaki wa leo, na huvunja mwamba uliokuwa nyumba ya samaki wa miaka mingi. Je, huyu ndiye amtegemeaye Mola wake, au ndiye aliyekata tamaa ya kesho?

Na lau watu wa pwani wangekuwa na khofu ya makosa yao peke yake, ingekuwa nafuu. Mwaka 1998 joto la bahari lilizidi katika Bahari ya Hindi, matumbawe yakageuka meupe, na mengi yakafa, hata mahali ambapo hapakuwa na mvuvi mbaya. Joto hilo mvuvi hawezi kulizuia kwa mkono wake. Lakini mgonjwa wa homa hapigwi fimbo. Na mwamba uliochoka kwa joto hauongezewi baruti. Kulijua lile liwezekanalo na lile lisilowezekana, na kulifanya liwezekanalo, ndiyo tawakali ya wenye akili.

SHAKA YA PILI: ELIMU YA WAGENI

Wako wasemao kwamba kuhifadhi ni maneno yaliyoletwa na wageni, wapendao wanyama na miti kuliko watu.

Wenye kusema hivi wanayo sababu kidogo, kwani iko mihifadhi iliyofanywa kwa kuwafukuza wenyeji bila ya kuwauliza. Lakini kosa la mwenye kufanya si kosa la jambo lenyewe. Mtume (s.a.w.) aliifanya Naqii, karibu na Madina, kuwa hima, yaani malisho yaliyowekewa mpaka kwa ajili ya farasi wa Waislamu, na Madina yenyewe aliifanya haramu, miti yake isikatwe na mawindo yake yasifukuzwe. Sharia nayo imeweka harimu ya kisima na ya mto, ardhi ya kando isiyomilikiwa na mtu, ili maji yasiharibiwe. Basi haya yalikuwako zamani, kabla ya ofisi yoyote ya leo.

Na pwani yenyewe ina mifano. Katika Kuruwitu, kaunti ya Kilifi, wavuvi na wazee waliona samaki wanakwisha. Mwaka 2005 wakatenga sehemu ya mwamba wao, hektari zipatazo 30, wakakubaliana asivue mtu humo. Wenyewe huita mahali hapo tengefu. Na kisiwa cha Misali, magharibi ya Pemba, kimehifadhiwa na Serikali ya Zanzibar tangu 1998. Wazee wa Pemba husimulia kwamba Nabii Khidhri alitaka msala kwa wavuvi wakakosa wa kumpa, akakifanya kisiwa hicho kuwa mithili ya msala wake. Huko wavuvi walikalishwa chini wakafundishwa kwa hoja za dini yao kwamba mwanadamu ni mwangalizi aliyewekewa amana, na kwamba kuvua kwa baruti ni kuikhini amana. Mtu akisikia neno katika lugha ya sala yake, hulifahamu upesi kuliko akilisoma katika kibao cha makatazo. Wageni wana darubini na vitabu, na elimu ni ya kuchukuliwa popote ionekanapo; lakini msingi wa nyumba hii umo kiwanjani tangu zamani.

SHAKA YA TATU: NJAA YA BABA

Sasa yafika lile neno la mzee wa nne, nalo ndilo la kuogopwa. Kijana atasoma, atarudi, atamkataza babake. Babake ana watoto wengine wanaokula. Je, mti una haki kuliko mtoto?

Hapo wengi katika wapendao kuhifadhi hujibu upesi kwamba kesho ni kubwa kuliko leo. Jawabu hilo huwa jepesi kwa aliyekwisha kula. Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.) hakujibu hivyo. Alipoweka hima katika ukhalifa wake, alimweka mtumwa wake huru, jina lake Hunai, kuwa msimamizi, akamwusia: mwenye ngamia wachache na mwenye kondoo wachache na aingie, lakini ajihadhari na makundi ya Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Kwa nini? Kwa sababu matajiri hao wanyama wao wakifa wana mitende na mashamba ya kurudia. Ama maskini wanyama wake wakifa, atamjia Khalifa na watoto wake, na Khalifa hataweza kuwaacha. Na wawili hao aliowataja walikuwa katika masahaba wakubwa, waliobashiriwa Pepo. Hakuwazuia kwa ubaya wao, aliwazuia kwa wingi wa mali yao.

Hii ndiyo mizani ya kupimia kila hifadhi. Mpaka umeruhusiwa, bali umesuniwa. Lakini mlango wake hufunguliwa kwanza kwa mnyonge, na hufungwa kwanza kwa mwenye nguvu. Hifadhi imzuiayo mkata korija moja, ikamwachia mwenye lori, si hima ya Umar. Kadhalika imwondoayo mvuvi wa mtumbwi ikamwachia ufuko mwenye hoteli.

Mwaka 1982 Serikali ya Kenya ilikataza boriti zisipelekwe nchi za nje. Katazo laweza kutoka ofisini kwa siku moja, lakini katazo halipandi mti, wala halimlishi mkataji. Kwa hiyo mwenye kusoma elimu ya kukataza peke yake amesoma nusu, nayo ni ile nusu ya kushika mkono. Nusu ya pili ni kuteremsha maji: kujua miti mingapi yaweza kukatwa na ipi iachwe ili msitu usipungue, kujua mizinga ya nyuki iwekwe wapi katika mikoko, kujua namna watu wapatavyo haki yao kwa msitu wanaouchunga. Kijana arudiye na nusu mbili, hakuja kumfungia babake mlango. Amekuja kuuzuia mlango usianguke.

SHAKA YA NNE: UDOGO WA CHUO

Imebaki shaka ya wale wasemao kwamba chuo kidogo cha karibu hakina heshima, na kwamba cheti chake hakileti kazi kubwa.

Jawabu ni kwamba heshima ya elimu ni manufaa yake. Mji una haja na watu ishirini wajuao kiasi na wakaao hapo hapo, kuliko mmoja ajuaye sana akae mbali. Hata hivyo kuna khatari mbili ambazo mwanafunzi hana budi kuzijua. Ya kwanza ni kiburi. Babake ajua bamvua na maji mafu, ajua kaskazi na kusi, ajua mti gani hauliwi na mdudu na mti gani hupasuka; aliyasoma hayo kwa miguu yake, miaka arobaini. Mwanafunzi aingiaye kijijini akawafundisha wazee asiyokuwa amewauliza, huyo hakusoma mazingira, kwani wao ndio mazingira yenyewe. Ya pili ni kukimbia. Fardhi ya kifaya haitimizwi na aliyesoma tu. Hutimizwa na aliyeifanya kazi. Tabibu aliyehama hakumwondolea mtu wake yeyote dhambi.

YALIYO WAJIBU

Kwa muhtasari: elimu ya kuhifadhi ardhi na bahari, kwa kipimo cha maneno ya wanavyuoni, ni fardhi ya kifaya juu ya kila mji wa pwani. Mji usio na aijuaye una deni, na deni hilo haliondoshwi kwa kulaumu Serikali wala kwa kulaumu wavuvi.

Juu ya wenye mali ni kumsaidia mwenye kwenda kusoma. Watu wa pwani waliopita waliweka wakfu minazi kwa mafuta ya taa za msikiti, na nyumba kwa walimu wa Qur'ani. Mwenye minazi kumi leo akiweka miwili wakfu kwa ada ya mwanafunzi atakayerudi kuchunga ufuko wa mji wake, hakuitoa katika njia ya kheri. Ameirefusha njia hiyo.

Juu ya mwanafunzi ni kusoma nusu mbili, na kurudi, na kuuliza kabla ya kusema.

Na juu ya yule baba aliyenyamaza ni jambo moja kabla ya safari: amchukue mwanawe mikokoni, maji yakiwa yametoka, amwonyeshe mahali babu yake alipokuwa akikata na hali ilivyo sasa, na amwambie kwa kinywa chake ni miti mingapi iliyonyoka aliyoikuta alipokuwa kijana, na ni mingapi aikutayo leo. Hilo litakuwa somo lake la kwanza, na hakuna chuo kiwezacho kumpa. Baba akiisha kulisema, huenda akaona kwamba alikuwa akinyamaza kwa sababu alikuwa akijua.

Mwenyezi Mungu awape watu wa pwani elimu yenye manufaa, na moyo wa kuwateremshia maji wenye kiu, na mikono ya kuzuia tundu lisitobolewe. Na Yeye ndiye Mjuzi zaidi.